Redio Zilizokuja Kumzika Profesa

Naomba mnicheke sasa hivi mmalize kabisa, maana hiki kisa kila nikifika katikati mtu ananikatiza kwa kicheko, napoteza mtiririko, halafu naishia kulia mbele za watu upya. Pale mjini Sumbawanga ukiulizia Editha wa redioni hawatakwambia habari ya bei za mahindi ninazosoma kila asubuhi, wala vipindi vyangu vya akina mama, watakwambia "aah, yule aliyewapeleka watu msibani na redio". Hata mama mmoja wa soko la Mazwi anayeniuzia samaki, migebuka, kila nikisimama mbele ya meza yake ananiuliza kama kuna msiba tuje na redio au tuje mikono mitupu. Nami nacheka, nitafanyaje, nilifanya kweli, tena nilifanya kwenye msiba wa mtu niliyempenda kuliko wote walionifundisha kazi.

Mtu mwenyewe ni Profesa Kalisti. Alifundisha uandishi wa habari chuo kikuu miaka mingi mpaka akazeeka, akastaafu, akarudi kwao Kaengesa na mkewe kulima mahindi na ulezi, na wengine wote tulidhani mtu wa aina hiyo akistaafu anakaa barazani anasubiri kuamkiwa. Yeye alikuwa akipanda basi kila Jumanne, anakuja mjini kwenye redio yetu ndogo ambayo hata ngazi zake zinayumba, anakaa na sisi tusiojua kitu, bila mtu kumwalika.

Siku ya kwanza mimi ndiye niliyempokea, na nilimpokea vibaya. Niliona mzee wa sweta na kofia ya sufu ya kijivu, nikajua huyu kapotelewa na ng'ombe, nikamwambia, "Shikamoo Mzee, matangazo ya waliopotelewa ni dirisha lile pale." Akaitikia marahaba, akaenda, akapanga foleni kabisa nyuma ya watu, na zamu yake ilipofika akamwambia yule binti wa dirishani, "Mimi nimepotelewa na mwandishi. Amesoma leo asubuhi kwamba daraja limesombwa na maji. Nataka kumuuliza, ameliona daraja, au amemwona mtu aliyeliona?"

Mwandishi mwenyewe nilikuwa mimi, na daraja nilikuwa sijaliona. Basi Profesa akanitoa nje, tukapanda bodaboda yeye na mimi na dereva, mvua inatunyeshea, mpaka darajani, na daraja lilikuwa limesimama wima, chini yake mama mmoja anafua mashuka. Profesa hakunigombeza. Alimwamkia yule mama, akamsifia mashuka yake, akaniambia turudi mjini tukasahihishe kabla ya taarifa ya mchana, na njiani nikiona haya akaanza kunisimulia makosa yake mwenyewe ya ujanani, makubwa kuliko langu, mpaka nikajikuta nacheka.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Nimewahi kufundishwa na watu wanaokufanya ujione mjinga ili wao waonekane wana akili, na yeye alikuwa kinyume chao kabisa, ukitoka kwake unajiona unaweza. Alitufundisha kuandika habari za redio kwa namna ambayo sijaisikia kwingine. Alikuwa akituchukua nyumbani kwake wakati wa kupukuchua mahindi, mkewe na majirani wamekaa wamezunguka lundo, mikono inakwenda, na wewe unasimama unasoma habari yako. Mikono ikiendelea kupukuchua, habari yako haijakaa sawa, rudi ukaandike upya. Mikono ikisimama, umepata. Mimi nilisoma habari moja ya mbolea mara nne na ile mikono haikunihurumia (mara ya tatu jirani mmoja alianza hadi kuimba), na ya nne Mama Profesa aliposimamisha mkono akaniuliza, "Kwa hiyo mbolea inakuja au haiji?" nililia kwa furaha kama nimepewa shahada.

Sasa huyo mtu ndiye aliyefariki. Kifua kilimsumbua kipindi chote cha baridi, mvua zikaanza yuko kitandani, tukawa tunakwenda kumwona, na bado alikuwa akituuliza habari za kazini. Taarifa ya kifo chake niliisoma mimi hewani na sijui niliisomaje. Nilipofika msibani Mama Profesa alinishika mikono yote miwili akaniambia, "Edi, kesho wasifu wake utausoma wewe. Yeye alikusema kila siku. Usimwangushe." Nikamwambia sitamwangusha, Mama. Shikeni hapo, hilo neno ndilo lililonichoma baadaye.

Basi mkasa unaanza siku hiyo hiyo, kabla ya maziko. Fundi mitambo wetu, Gasto, alinipigia simu kwamba taarifa ya mchana inakaribia na wananchi wanataka kusikia kutoka msibani, niingie hewani kwa simu, niwe na mtu wa familia amesema jambo. Msemaji wa familia alikuwa mdogo wake Profesa, Baba Alfonsi, na Baba Alfonsi wakati huo alikuwa nyuma ya nyumba anasimamia vijana wanaopasua kuni. Toka turubai mpaka nyuma ya nyumba si mbali, ni kukata kona tu. Lakini mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, ile njia ilikuwa tope la kufinyangia chungu, na mimi nilikuwa nimevaa viatu vyeupe vya kisigino. (Msiniulize kwa nini mtu anavaa viatu vyeupe kwenda msibani Kaengesa msimu wa mvua. Nilitaka nionekane mtu wa redio.) Nikaangalia tope, nikaangalia viatu, nikasema moyoni, mbona hapa hapa turubaini wazee wamejaa.

Na pale mbele palikuwa na mzee mmoja amekaa peke yake, amevaa kofia ya Profesa. Ile ile ya sufu ya kijivu. Na koti la Profesa, na rozari mkononi, macho mekundu. Ninyi mnaonisikiliza mmeshajua, naona huyo pale ameanza kucheka, lakini mimi nilizaliwa Mazwi, mjini, nikakulia Mazwi, misiba ya kijijini nilikuwa nakwenda na kurudi siku hiyo hiyo, na kichwani mwangu mtu aliyevaa nguo za marehemu ni ndugu wa toka nitoke, basi, nikajua huyu ni kaka mtu.

"Shikamoo Baba. Pole na msiba."

"Marahaba mwanangu. Tumeshapoa. Wewe ndiye wa redio."

"Ndiyo Baba. Naomba uniambie neno kuhusu marehemu, taarifa ya habari imekaribia."

Akajifuta machozi na kitambaa, akasema, "Mimi na huyu tumechunga ng'ombe pamoja. Alikuwa mwongo sana utotoni." Nikatingisha kichwa kwa huruma, nikaona ni uchungu unamsemea. "Alikuwa akiwasomea ng'ombe habari, na habari ikiwa haina ukweli walikuwa hawanywi maji." Hapo nako nikatingisha kichwa, nikaona hii ni lugha ya wazee, ina maana yake ya ndani. Ndipo akanisogelea na kusema kwa sauti ya chini, "Lakini kuna wosia aliniachia mimi. Alinishika mkono akaniambia, Filbeti, watu wasije kunizika mikono mitupu. Kila mtu aje na redio, tena iwe inaongea. Jeneza likianza kushuka waongeze sauti mpaka mwisho. Mtu wa habari hazikwi kimya kama anafukiwa gunia la viazi."

Jamani, niliamini. Nikamwona Profesa kabisa katika yale maneno. Simu ikalia, Gasto akasema uko hewani, na mimi nikasimama pale na viatu vyangu visafi nikautangazia mkoa mzima, kwa sauti iliyokuwa inatetemeka vizuri mno, kwamba marehemu Profesa Kalisti ameacha wosia, na wosia wenyewe ni huu, na maziko ni kesho Kaengesa baada ya Misa. Gasto aliniambia nimemtoa machozi. Nikarudi mjini jioni nimejaa, najiona nimemfanyia mwalimu wangu heshima.

Kesho yake nilipofika nilikuta barabara ya Kaengesa imejaa watu na redio. Sitii chumvi. Watu wa Kizwite walikuja na baiskeli, redio zimefungwa nyuma kwa mipira. Bodaboda zilikuja abiria amepakata redio kifuani. Kulikuwa na redio za mbao za zamani ambazo nilidhani zimekwisha duniani, kulikuwa na vijana wamechomeka simu kwenye spika, na wanaume wawili walikuja na redio ya betri ya gari, mmoja betri, mwingine redio, waya katikati, wanatembea sambamba ili usichomoke. Kinyozi mmoja wa mjini alileta spika yake ya kibandani, kubwa, juu ya toroli. Zote zinaongea, zote kwenye stesheni yetu. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilimwona Profesa anapendwa, nikajiambia Edi leo umefanya kazi.

Baba Alfonsi akaja kunichukua, akaniambia Mama ananiita ndani. Mama Profesa alikuwa amekaa kwenye mkeka na akina mama wenzake, nikapiga magoti.

"Edi, hawa watu wa redio umewaita wewe?"

"Ndiyo Mama. Ni ule wosia wa Baba."

"Wosia kakupa nani?"

"Kaka yake, Mama. Mzee Filbeti."

"Kaka yake yupi? Kalisti ndiye mkubwa kwao."

"Yule aliyevaa kofia yake, Mama."

Mama mmoja akajifunika kanga usoni mabega yakawa yanatikisika, na mwingine akafuata, na nikajua hawalii. Mama Profesa naye mdomo ulimcheza kidogo. "Mwanangu, yule ni mtani. Ukoo wao na ukoo wetu wanataniana tangu mababu. Kazi yake msibani ni kuvaa nguo za marehemu na kusema uongo wake ili sisi tusife kwa uchungu. Wewe si Mfipa wewe? Hukumuuliza ni nani kwa marehemu?"

Sikumuuliza. Swali la kwanza kabisa ambalo hata mtoto anayepokea simu ya baba yake anauliza, wewe nani, mimi mtu wa redio sikuliuliza.

Kisha Mama aliacha kutabasamu. Akaniambia Profesa aliomba kitu kimoja tu kabla hajafa, na alimwomba yeye. Alisema amesema maisha yake yote, amesema darasani, amesema redioni, kwa hiyo siku ya kushushwa anaomba kimya. Watu wasimame, wasikie upepo wa kwao, basi. "Ndilo jambo pekee alilonidai, Edi," akasema, "na nje kuna soko." Hakunisema zaidi. Angenitukana ningeshukuru.

Nikatoka nje kutafuta pa kujificha nikaamua kwanza nijaribu kurekebisha kimyakimya. Nikamwendea mzee mmoja mwenye redio ya mbao, nikamwambia Baba, naomba uzime, kuna makosa. Akanitazama kwa upole akasema, "Mwanangu, huu ni wosia. Wametangaza jana redioni, dada mmoja ana sauti nzuri sana, analia huku anasema." Nikamwambia dada mwenyewe ni mimi. Akanitazama kichwa mpaka viatu, akaongeza sauti. Nikaenda kwa wa betri, wakasema wao wametoka mbali hawawezi kuvunja neno la marehemu. Kadiri nilivyozunguka ndivyo nilivyozidi kuonekana kichaa, na minong'ono ikaanza kwamba mwanafunzi wa Profesa anapinga wosia wa Profesa. Kanisani paroko alikataza redio zisiingie, zikapangwa nje ukutani, ikawa ibada inakwenda ndani na nje ukutani matangazo ya madawa ya mifugo. Paroko alipofika kwenye mahubiri alisema tu kwamba leo ana mpinzani, akaendelea.

Kaburini ndipo balaa lilipokamilika. Upepo wa pale juu unavuma baridi, watu wamezunguka kaburi, redio mikononi, na Baba Alfonsi anatangaza kwamba sasa wasifu wa marehemu utasomwa na Editha. Hapo hapo simu yangu ikaita na Gasto anasema, "Edi, uko hewani." (Tulikubaliana hivyo siku iliyopita, nilikuwa nimesahau.) Nikafungua mdomo, nikasema "Ndugu waombolezaji," na "ndugu waombolezaji" likatoka kwenye redio zote za mlimani, likarudi kwenye simu yangu, likatoka tena, na ukatokea ule mlio, ule wa kupasua masikio, kutoka spika ya kinyozi mpaka redio ya mwisho. Watoto wakaziba masikio. Mbwa wakakimbia. Na mimi kwa mazoea ya kazi, mbele ya jeneza la mwalimu wangu, nikajikuta nasema, "Msikilizaji, punguza sauti ya redio yako."

Wakacheka. Watu wazima, makaburini, wakacheka. Nikamtafuta Mama Profesa kwa macho nikamwona ameinamisha kichwa.

Nilitamani ardhi ipasuke, na ilikuwa imeshapasuka pale mbele yangu ila si kwa ajili yangu. Ndipo liliponijia neno la Profesa alilotuambia siku ya lile daraja, tukiwa tumelowa, "Ukikosea kwa sauti, usitubu kwa kunong'ona." Mimi nilikuwa nimekosea kwa mkoa mzima na asubuhi yote nilikuwa nanong'onea mtu mmoja mmoja. Basi nikaikunja ile karatasi ya wasifu. Nikasema na sauti inatoka kwenye redio zote, inanirudia kwa nyuma kidogo kama kuna Editha mwingine anathibitisha.

"Ninaitwa Editha. Jana nilitangaza wosia wa Profesa Kalisti. Haukuwa wosia. Nilichukua maneno ya mtani, sikumuuliza ni nani, sikumuuliza mtu wa pili, kwa sababu sikutaka kuchafua viatu. Kosa si la mtani, mtani alifanya kazi yake, mimi ndiye sikufanya yangu. Aliyetufundisha kuuliza ndiye huyu tunayemzika. Mkewe ananiambia aliomba kimya. Hilo nimelisikia kwa mkewe mwenyewe, na wapo ndugu zake hapa, kama si kweli wanikatize."

Hakuna aliyenikatiza. Mzee Filbeti alisogea mbele na lile koti, na watu wakaanza kutabasamu wakijua utani unakuja. Akaivua kofia ya Profesa, akaiweka kifuani. Akasema, "Hili ni kweli. Mimi leo sina la kutania." Akalia pale pale, bila kitambaa. Sikuwahi kumwona mtani analia, na nadhani wengi hawakuwahi.

Redio ya kwanza kuzimwa ilikuwa ile ya mbao ya yule mzee. Kisha za jirani, kisha zile za baiskeli, wale wawili wakachomoa waya wa betri, na ya mwisho ikawa spika ya kinyozi. Jeneza likaanza kushuka. Mimi simu nilikuwa bado nimeishika wazi, na nilisahau kabisa kwamba niko hewani, na kwa watu wa redio hakuna dhambi kubwa kama kimya hewani, Gasto ana wimbo tayari muda wote ili kisitokee. Gasto hakuweka wimbo. Aliniambia baadaye kidole kilikuwa juu ya kitufe na kilimgomea. Kwa hiyo Mazwi, Kizwite, na kila kijiji tunakosikika, waliobaki nyumbani walisikia upepo wa Kaengesa, halafu kamba, halafu udongo wa kwanza, halafu Mama Profesa akisema taratibu, "Asante, Edi," na si mimi wala yeye aliyejua kwamba mkoa mzima umesikia.

Naapa mbele yenu, sitapeleka tena neno la mtu hewani kabla sijamuuliza yeye ni nani na kabla sijamtafuta wa pili, hata kama wa pili yuko ng'ambo ya tope la magotini. Watani nawaamkia kwa heshima zote na nakaa mbali nao. Msimamizi wangu alinipa onyo kwa kile kimya, na nililipokea, maana kazini kila kosa lina onyo lake. Kwa yote mengine yaliyonipata siku ile nimetubu. Kwa kile kimya, sijatubu wala sitatubu.